Mshahara kila mwezi, kiingilio mara mbili

Klabu ya soka ya nusu kulipwa (wachezaji wanalipwa, lakini hawaishi kwa soka pekee) haiuawi na gharama kubwa, inauawa na kalenda. Mishahara hudaiwa kila mwezi. Kiingilio huja siku ya mechi ya nyumbani tu. Ratiba ikitoa mechi tatu mfululizo ugenini, au mvua ikaahirisha moja, pengo limeshafunguka, na basi la wachezaji 18 na benchi la ufundi bado linataka mafuta.

Kosa la kawaida ni kuweka zawadi ya kombe kwenye bajeti kabla hata droo haijapangwa. Iondoe. Mkataba wa mchezaji nao ugawe: mshahara mdogo wa uhakika, kisha posho kwa kila mechi aliyocheza.

Mlangoni ndiko kunakovuja zaidi. Vitabu vya tiketi viwe na namba. Andika namba ya kwanza kabla ya kufungua geti, na wakati wa mapumziko watu wawili (mweka hazina asiwe peke yake, hata kama ni mwadilifu) walinganishe vishina na fedha taslimu.

Madeni ya mishahara yasizoeleke. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa miezi miwili anaweza kuvunja mkataba baada ya kuidai klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15.