Nilivyoacha kupoteza seli za kinga kwenye damu ya wagonjwa wa saratani ya figo

Ukitenga damu ya mtu mwenye afya kwa Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha chembe za damu, yenye msongamano wa 1.077, pete nyeupe unayoivuna huwa na limfosaiti na monosaiti, aina mbili za chembe nyeupe. Kwa mgonjwa wa saratani ya figo, pete hiyohiyo mara nyingi huja na kundi la ziada: chembe za jamii ya nutrofili (chembe nyeupe za aina nyingine), nyepesi kuliko nutrofili za kawaida, zenye alama za CD15 na CD66b, yaani protini na sukari za juu ya chembe zinazotumika kuzitambua. Hizo ndizo zinazozikaba seli T, limfosaiti zinazopambana na saratani, na hakuna zinazopotea kirahisi kama hizo.

Mimi nilikuwa nazipotezea kwenye friza. Kugandisha sampuli zote kwa DMSO, kemikali ya kukinga seli kwenye baridi, ili zisomwe siku moja kunaokoa kingamwili (ndizo tunazotumia kupaka alama) na hela, na seli T hustahimili. Chembe hizi hazistahimili. Ukiyeyusha, eneo la CD15 kwenye skrini ya flo saitometa, mashine inayosoma alama za chembe mojamoja, hubaki karibu tupu, na utalaumu kingamwili bure. Nililijua hilo nilipolinganisha na damu mbichi ya mgonjwa yuleyule. Tangu hapo napima siku ileile.

Damu naitaka mililita 10 hadi 20 kwenye tyubu za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, itolewe kabla ya upasuaji, maana operesheni yenyewe huvuruga hesabu kwa siku kadhaa. Isiguse barafu wala friji, na isikae zaidi ya saa 4 tangu itolewe. Damu iliyolala, hata ya mtu mzima wa afya, huanza kutoa nutrofili nyepesi. Ndiyo maana kila mara naomba na damu ya mtu asiyeumwa, iliyotolewa saa ileile, niipitishe njia ileile. Bila hiyo, namba za mgonjwa siziamini.

Naizimua nusu kwa nusu na bafa ya PBS, maji ya chumvi yasiyodhuru seli. Kwenye tyubu ya mililita 50 natangulizia Ficoll 15, kisha nailaza tyubu na kuteremsha damu 30 ukutani polepole mno, hadi mpaka wa tabaka mbili uonekane kama uzi. Sentrifuji: 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 30, nyuzi 20, breki imezimwa. Weka g, si mizunguko kwa dakika, kwa sababu mizunguko hutegemea upana wa rota. Breki ikikamata, pete inatibuka. Chumba kikiwa na joto kali, limfosaiti unazovuna hupungua; Ficoll ikiwa imetoka friji moja kwa moja, chembe nyekundu hubaki ndani ya pete. Kwa hiyo naitoa mapema izoee.

Nakusanya pete, naosha kwa 300 g dakika 10, halafu kwa 200 g dakika 10 ili chembe sahani zibaki juu. Bafa ya kuoshea naitia EDTA, kemikali ya kuzuia kugandana, milimola 2 kwa lita, la sivyo chembe hizi hunatana. Nahesabu kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu.

Kupaka rangi: seli milioni 1 kwa mikrolita 100. Kwanza rangi ya kutofautisha wafu, kwani seli iliyokufa hunasa kingamwili yoyote. Kisha kizuizi cha vipokezi vya Fc, vinavyonasa kingamwili ovyo, dakika 10. Kisha kingamwili za alama CD3, CD8, CD11b, CD14, CD15 na HLA-DR, dakika 30, gizani, nyuzi 4. Wengi hukosea kwenye flo saitometa: wamezoea kuchora duara kwenye limfosaiti peke yake. CD15 zimekaa juu zaidi, kwa kuwa zina chembechembe nyingi ndani. Chora duara pana.

Usumbufu huu una sababu. Chembe hizi hutoa arginazi, kimeng'enya kinachovunja asidi amino ya arginini, arginini inaisha, na seli T ikiikosa hupoteza mnyororo wa zeta (sehemu inayopeleka ishara) wa kipokezi chake na kushindwa kuongezeka. Utafiti wa 2005 kwa wagonjwa wa saratani ya figo ulionyesha kwamba zikiondolewa, seli T zinarudi kufanya kazi. Aliyesoma sampuli zilizogandishwa ataona seli T dhaifu bila kumwona mkabaji. Siku hizi nagawa pete mara mbili: nusu naiacha ilivyo, nusu naiondolea CD66b kwa shanga za sumaku, kisha nachochea zote kwa kingamwili za CD3 na CD28 na kusoma siku ya 4. Tofauti ya nusu hizo mbili ndiyo naiandika daftarini, pamoja na saa ya kutoa damu na kama mgonjwa yuko kwenye deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo peke yake hupandisha nutrofili.