Kabati la vitabu nililolitengeneza kibarazani

Vitabu vya marehemu baba vilikaa miaka kwenye maboksi chini ya kitanda. Nilipoyafungua baada ya masika nikakuta mchwa wamelimaliza boksi la chini kabisa. Niliumia sana. Vilivyobaki nikaamua vipate kabati, na nilitengeneze mwenyewe.

Moyo ulitaka mtiki wa Longuza, kule Muheza, ila mfuko ulikataa. Nikanunua msindano wa Lushoto: mbao tatu za inchi 1 kwa 10, kila moja futi 12. Jioni hiyo hiyo nikashika futi kamba na penseli. Jirani yetu mmoja hapa Tanga, fundi wa siku nyingi, akapita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatengeneza nini?"

"Kabati la vitabu."

Akanyanyua ubao mmoja, akausikilizia uzito, akaurudisha chini. "Hizi bado mbichi. Ukiziunga leo zitakugeuka."

Nilizipanga kibarazani, kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja ili upepo upite, na juu nikaweka matofali. Zilikaa wiki tano. Namshukuru mzee mpaka leo, maana ubao mmoja ulijikunja kwa upana, kingo zikainuka. Ungekuwa umeshagongwa misumari ungepasuka. Huo niliuranda, nikautenga kwa ajili ya rafu, kwa kuwa vipande vifupi havionyeshi sana mkunjo.

Mwanzoni nilipanga kabati la upana wa sentimita 120. Kabla ya kukata nikaweka ubao juu ya matofali mawili yaliyoachana kiasi hicho, nikapanga kamusi na vitabu vizito, nikalala. Asubuhi nilivuta uzi kutoka ncha hadi ncha: katikati ubao umeshuka karibu nusu sentimita, usiku mmoja tu! Nikarudi sentimita 80. Rafu ikijazwa vitabu vya aina ileile, ikipungua urefu kwa theluthi moja, kupinda kwake kunabaki takriban moja ya tano. Kwa hiyo kama una vitabu vingi, panda juu, usitanuke.

Ubao mmoja ulitoa mbavu mbili za futi 6. Nilizilaza ubavu kwa ubavu na kuchora mistari ya rafu kwa mkupuo mmoja juu ya zote mbili, ili kila rafu ikae sawa kushoto na kulia. Kisha nikachimba mifuo ya kina cha milimita 6 kwa msumeno na patasi. Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Mfuo wa kwanza ulinichukua saa nzima. Lakini rafu iliyoketi ndani ya mfuo hubebwa na mbao yenyewe, si msumari. Rafu ya chini niliipa nafasi ya sentimita 32 kwa vitabu vikubwa, za juu 24.

Nikapaka gundi, nikagonga misumari ya inchi 2, nikalisimamisha. Likayumba kama mlevi. Nilipima kutoka pembe hadi pembe: mshazari mmoja ulizidi mwenzake kwa sentimita moja na nusu. Nikalilaza kifudifudi gundi ikiwa bado mbichi, nikafunga kamba kwenye zile pembe zenye mshazari mrefu, nikapitisha kijiti na kuizungusha kidogo kidogo huku napima. Mishazari ilipolingana nikagongelea plaiwudi nyembamba mgongoni kote. Nilipolisimamisha tena nikalisukuma kwa mikono miwili. Kimya. Plaiwudi ile nyepesi, ambayo nilidhani ni ya kuziba vumbi tu, ndiyo inayolishika kabati zima.

Msasa nilianza na namba 80, nikaja 120, nikamalizia na 220, halafu vanishi mikono mitatu, wa kwanza nikiuchanganya na tina ili unywewe na mbao. Milango miwili ya chini, ya plaiwudi nene, niliifunga kwa bawaba ndogo.

Kwa ajili ya mchwa nimeliinua juu ya vipande vya vigae na kuliacha sentimita tatu kutoka ukutani, nipate kumulika tochi nyuma kila Jumamosi. Binti yangu ana miaka minne na anapenda kupanda, kwa hiyo nimelifunga ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Rafu ya chini, anapofikia mwenyewe, ameshaijaza vitabu vyake vya picha.