Macho mekundu yalivyotukuta nyumba ya vyumba nane

Januari 2024 macho mekundu yalipoingia Dar, waliokuwepo mnakumbuka, ukipanda daladala saa kumi na mbili asubuhi unakuta watu wamevaa miwani ya jua na jua lenyewe halijatoka. Mi nakaa Mbagala, nyumba ya kupanga, vyumba nane, choo kimoja, bafu moja na bomba moja uani ambalo maji yanatoka yakijisikia. Riziki yangu ni vitumbua, nakaanga barazani asubuhi, sasa niambie nani atanunua kitumbua kwa mtu macho yamemuiva kama nyanya.

Alianza mtoto wa Mama Zai, kaamka macho yamegandana kwa tongotongo. Siku ya tatu walishakuwa wanne, wiki haijaisha na mimi nikaamka jicho la kushoto kama limetiwa mchanga, kufika jioni likahamia la kulia.

Kila mtu akawa daktari. Mara tia maji ya chumvi, mara chai ya rangi, mara maziwa ya aliyejifungua. Baba Shufaa akanunua dawa ya matone dukani, ikazunguka chumba kwa chumba, chupa ile ile moja, ncha inagusa jicho la huyu ikitoka hapo inaenda kugusa la yule. Na mimi nilitia, sijifichi. Nilipoenda zahanati daktari akaniuliza hiyo dawa natumia na nani, nikamtajia, akashika kichwa. Akasema hivi ni virusi, antibayotiki haifanyi kitu, kwa wengi vinaisha vyenyewe wiki moja mpaka mbili, na matone mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ukijitilia bila kupimwa unaweza kuharibu jicho kabisa. Nikaambiwa nikande kwa kitambaa safi cha maji baridi, ninawe mikono, likiuma sana au nisipoona vizuri nirudi. Nikarudi nyumbani nimenuna, nauli imeenda na dawa sina.

Jioni nimekaa kwenye kigoda naosha vyombo, macho yanawasha, nikawa namwangalia tu Mama Zai anawanawisha wanawe. Watatu, beseni moja, maji yale yale, anaanza na mgonjwa, halafu wote anawafuta kwa upindo wa kanga aliyojifunga. Kumbe! Na kwenye kamba kuna taulo ambalo hata halijulikani la nani, kila anayetoka bafuni anajifutia.

Kulisema hilo sasa ndo shughuli, Mama Zai ni dada yangu mkubwa kabisa, ningemwambia angeona namwita mchafu. Nikapitia kwa bibi mwenye nyumba. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, na wewe yamekupata?" Bibi kwao Kongwa, kule Dodoma, kulikosumbuliwa sana na vikope, ile trakoma. Akanihadithia mama yake kope zilivyogeukia ndani zikawa zinakwangua jicho, akawa anazing'oa kwa kibano, zinaota anang'oa tena, mpaka akafa haoni. Ule ni ugonjwa mwingine, wa bakteria, na hata nzi wanausambaza, nzi wenyewe wanazaliana kwenye kinyesi cha watu kilichoachwa wazi ndo maana na vyoo vinahusika. Lakini bibi akasema njia ni ile ile, vidole na nguo za kufutia uso. "Sisi mtoto kujaa nzi machoni tulikuwa hata hatuwafukuzi."

Usiku akatuita wote uani. Mwenye nyumba akiongea nani atabisha?

Tukatengeneza kibuyu chirizi, dumu la lita tano, tundu la msumari wa moto, kamba na kijiti cha kukanyaga ili mtu asishike dumu kwa mkono. La kwanza nilitoboa tundu kubwa mno, saa tatu asubuhi maji kwisha, watoto wamegeuza mchezo. La pili likatulia. Nikachana kanga yangu ya zamani vipande, kila mtoto na chake na uzi wa rangi yake, beseni la pamoja likaachwa, uso unanawa kwa maji ya kumiminiwa na kopo. Foronya zinafuliwa na kuanikwa juani, komeo la bafu linafutwa na maji ya jiki asubuhi na jioni. Salamu ikarudi ya viwiko kama enzi za korona, Baba Shufaa alichukia kweli kweli, ila akazoea.

Mi siku tisa sikukaanga kitumbua hata kimoja, hapo ndo paliniuma, mtaji ulikatika nikaanza upya kwa mkopo wa kikoba. Vyumba vitatu havikuugua kabisa. Siwezi kuapa kwamba ni dumu tu, labda na bahati ilikuwepo, ila kabla ya dumu ilikuwa kila siku mgonjwa mpya, baada ya pale tukapata wawili tu basi.

Dumu lipo mpaka leo, hili la nne sijui la tano. Kinachosumbua ni sabuni, inaibiwa. Siku hizi tunaweka vipande vya sabuni ya mche ndani ya soksi kuukuu tunaning'iniza, hiyo hakuna anayeitamani.