Scopus ilinigawa watu watatu: nilivyoikusanya rekodi yangu ya utafiti

Mtafiti wa huku kwetu akianza kuchapisha, jina lake ndilo humsumbua kwanza. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Majarida ya ng'ambo yanataka la ukoo. Jarida moja lilinichukulia la babu, jingine la baba, na waandishi wenza wakaongeza tahajia zao: kwa huyu Salum, kwa yule Salumu.

Kazi yangu ni homa zinazoenezwa na mbu, hapa Mtwara. Nilipotakiwa kuambatisha rekodi ya machapisho kwenye maombi ya ufadhili, kijana wetu wa kompyuta alitafuta jina langu Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma na nukuu zake, akacheka.

"Kaka, humu mpo watatu."

Mmoja alikuwa na sehemu kubwa ya makala zangu, wa pili na chache, wa tatu na zilizobaki pamoja na makala ya meno ambayo hata siijui.

Ukigawanyika hivyo unaumia kwenye kipimo cha h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. h yako ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo. Tuseme makala zako zimenukuliwa mara 41, 22, 10, 7, 6 na 5. Ya tano ina nukuu 6, inatosha. Ya sita ina 5, haifiki 6. Basi h yako ni 5. Sasa zigawanye: mmoja apewe 41, 10 na 6, mwingine 22, 7 na 5. Kila mmoja anaambulia 3! Kazi ni ile ile, ila anayesoma fomu anaona mtu aliyeanza juzi.

Nilianzia ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, maana ni bure na namba yake ya tarakimu 16 haijali umeandikwaje. Kwenye sehemu ya majina mengine nilijaza tahajia zote, kisha nikaingiza makala kwa namba zake za DOI, yaani namba ya kudumu ya kila makala mtandaoni. Scopus nao wana fomu ya kuomba kurasa ziunganishwe. Nikatia alama zilizo zangu, ya meno nikaikataa. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma, kulikuwa na shida yake: makala moja ilihesabiwa mara mbili, kama nakala ya awali na kama ya jarida. Unazichagua zote mbili, unaziunganisha. Nikazima pia ile hali ya kuniongezea makala bila kuniuliza. Mtandao wa ofisini ulipogoma, nikamalizia kwa bando la simu.

Namba za Google Scholar kwa kawaida huzidi za Scopus, kwa kuwa inahesabu mpaka tasnifu na ripoti. Kwa hiyo kila namba niliiandikia imetoka wapi na tarehe gani.

Kipengele cha mchango wa utafiti ndicho kilichonikalisha. Makala yangu ninayoithamini kuliko zote, ya vijiji vya Newala, imenukuliwa kidogo. Nikakumbuka chikungunya, homa nyingine inayoenezwa na mbu. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye Uwanda wa Makonde, huko huko Newala. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha mwaka 1955, R.W. Ross akafuata mwaka 1956 na habari za kirusi chenyewe. Mlipuko wa Réunion wa 2005 na 2006 ulipowapata takriban theluthi ya wakazi wa kisiwa kile, watafiti walirudi kwenye makala hizo za nusu karne nyuma. Kipimo cha ubora wa jarida (impact factor), kwa hesabu yake iliyozoeleka, hutazama nukuu za makala za miaka miwili tu iliyotangulia. Kwa magonjwa yanayolala na kuamka, mimi naona hicho ni kipimo kibovu, na Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, DORA, linapendekeza mtafiti asipimwe kwa vipimo vya jarida. Nikayaandika hayo kwa aya mbili, na chini yake nikaeleza wenzetu wa halmashauri wameitumiaje ile makala.

Siku hizi vijana wa kitengo nawafungulia ORCID kabla hawajatuma hata muhtasari wa kongamano. Binti mmoja wa Nachingwea ameshika jina la babu, la baba ameliacha herufi ya kwanza tu, na mhariri akilibadilisha anamrudishia rasimu.