Mungu Yuko Kibuye Pia

Jumapili ndiyo siku soko la Kibuye, hapa Kisumu, hufurika. Sisi wauza nafaka tukiikosa siku hiyo, wiki nzima imeharibika. Basi mimi huwahi ibada ya alfajiri, kisha nakimbilia kibandani. Kuna dada zetu katika Bwana ambao jambo hilo linawakera. Mmoja aliniuliza, "Unamwachaje Mungu kanisani ukafuata mahindi?" Sikumjibu, maana tulikuwa mlangoni pa kanisa na watu wanapita. Najibu hapa: sijamwacha popote.

Sulemani mwenyewe, siku ya kuweka wakfu hekalu, alikiri mbele ya watu kwamba hata mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile aliyomjengea. Zaburi ya 139 inamfuata mtu hadi kuzimu, hadi pande za mwisho za bahari, na kote huko inamkuta Mungu. Jirani yangu sokoni, mama Mwislamu anayeuza maharagwe, huniambia Kurani inasema Mungu yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Hapo hatuna ubishi. Na nyanya yangu kule Seme, ambaye hakusoma kitabu hata kimoja, alikuwa akitoka nje jua likichomoza, anamwomba Nyasaye, ndiye Mungu kwa Kijaluo, palepale uani, ndipo akawashe moto.

Wengi huipokea imani hii kama faraja: Mungu yuko nami safarini, wodini, usiku wa msiba. Ni kweli, nami nimeionja. Lakini mimi hunishika zaidi kwenye gorogoro.

Mnaonunua mahindi sokoni mnaijua, ule mkebe wa kilo mbili. Ukiugonga kitako kwa nyundo ukabonyea ndani kidogo, mteja hana habari, kwa sababu mahindi yamefunika. Juu unamlundikia mpaka yanamwagika, anaona umempendelea, anashukuru na kwenda zake. Gunia likiisha, umebaki na gorogoro kadhaa ambazo watu wamelipia na hawakuzibeba. Wanaofanya hivyo husema, nani anaona? Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kama kweli yuko kila mahali, basi yuko hata chini ya yale mahindi, pale jicho la mteja lisipofika. Sisemi mkebe ni Mungu, la hasha. Muumba hachanganyiki na alichoumba. Nasema hakuna kona ya kibanda changu ambayo yeye hayupo, na mama aliyetoka mtaa wa Manyatta na pesa za unga wa watoto wake anasimama mbele yangu na mbele zake pia.

Mwezi wa nane chama chetu kitakodi matatu twende kwenye miamba ya Kit Mikayi kufunga na kuomba. Nitakwenda. Napenda yale mawe makubwa, napenda nyimbo za waumini wa Legio Maria tunaowakuta huko, na kuomba na wenzangu hunipa nguvu. Mama wa maharagwe amekubali kunishikia kibanda siku hiyo, na gorogoro atakayopimia ni yangu.