Timu yangu ni Knox, msiniulize ya NBA

Kila nikipiga simu nyumbani Upanga, binamu yangu ana swali lilelile la NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani: "Kaka, mwaka huu upo na nani, Lakers au Celtics?" Nikimjibu Knox, kimya. Anadhani mtandao umekata.

Ninaishi Galesburg, jimbo la Illinois, mji wa reli ambako honi ya treni ya mizigo huniamsha kabla ya saa ya simu. Katikati ya mji kuna Chuo cha Knox, kilichoanzishwa mwaka 1837. Nje ya jengo lake kongwe ndipo Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais, na mpinzani wake Stephen Douglas walipopambana kwa hoja juu ya utumwa, Oktoba 1858. Wanafunzi ni elfu moja na kitu, yaani baadhi ya sekondari zetu za Dar zinakizidi. Timu yao ya kikapu inaitwa Prairie Fire, moto wa mbugani. Kuna siku moto unawaka kweli. Kuna siku kuni ni mbichi kabisa.

Niliingia ukumbini mara ya kwanza kwa sababu ya baridi, si mapenzi. Ilikuwa Januari, nimetoka zamu, gari limegoma kuwaka, na rafiki wa kunifuata alisema nimsubiri kidogo. "Kidogo" ya huku wakati wa theluji ni nusu saa. Nikaona taa, nikasukuma mlango, hakuna aliyeniuliza tiketi. Watu hawakuwa wengi: wazazi, wazee wa mji, wanafunzi wachache wanaokula popcorn huku wakisoma. Nikasikia mpira unadunda, filimbi ya refa, kocha anafoka, na ghafla nikawa tena kijana wa uwanja wa Donbosco nikizitazama timu za Savio na Vijana. Rafiki alipofika nilimwambia aegeshe gari, aingie.

Kilichonishika zaidi ni utaratibu wao. Hili ni daraja la tatu la NCAA, shirika la michezo ya vyuo Marekani, lenye vyuo zaidi ya 400, na huko hakuna anayesomeshwa bure kwa sababu anajua kufunga. Kijana wa futi sita na nusu anahangaikia ada kama mwenzake wa maktaba. Ijumaa anapanda basi kwenda Appleton huko Wisconsin, zaidi ya saa nne barabarani, anacheza, anarudi usiku wa manane, na Jumatatu ana mtihani wa kemia. Ligi yenyewe, Midwest Conference, ipo tangu 1921, na vyuo vyake vimetawanyika Illinois, Wisconsin na Iowa katikati ya mashamba ya mahindi. Bingwa hupata nafasi kwenye mashindano ya taifa. Wengine hurudisha jezi mwishoni mwa Februari, basi.

Kazini wakisikia natoka Tanzania na napenda kikapu, wanamtaja Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009. Halafu wananiangalia mimi, futi tano na inchi saba, na mazungumzo yanaishia hapo.

Lakini kama kuna mechi moja ya kuja kuiona kabla hujafa, ni ile wanapokuja chuo cha Grinnell kutoka Iowa. Kocha David Arseneault alikabidhiwa timu hiyo mwaka 1989 ikiwa imezoea kufungwa, akaamua kuigeuza hesabu. Wachezaji watano wanatoka kwa mpigo, wengine watano wanaingia, baada ya dakika moja hivi wanabadilishwa tena. Wanakaba uwanja mzima, na wakipata mpira wanarusha mara moja. Lengo lao ni mitupo isiyopungua 94 kwa mechi, nusu yake ya pointi tatu. Ukiwafunga kikapu chepesi hawana habari. Wao walitaka mpira urudi mikononi haraka. Kwa mfumo huo, Novemba 20, 2012, Jack Taylor alifunga pointi 138 peke yake dhidi ya chuo cha Faith Baptist Bible. Alirusha mara 108, akaingiza 52, na mechi ikaisha 179 kwa 104. Ninachopenda kuwakumbusha watu ni kwamba David Larson wa timu iliyofungwa aliweka 70 usiku uleule, na nani anamkumbuka?

Nilimpeleka jirani yangu kuwatazama. Yeye ni mtu wa Bukavu. Huku Wakongo ni wengi, kiwanda cha nyama cha Monmouth kimewaajiri kwa wingi. Dakika kumi za kwanza alishika kichwa. "Ndugu, hii haiko mpira," aliniambia. "Hii iko vita." Mimi nikamtetea Grinnell kwa kanuni, kwa kuwa mchezaji wa kumi na tano kwenye benchi anacheza kila mechi, na hilo sijaliona kwingine. Akasema mchezaji wa kumi na tano yuko benchi kwa sababu ana sababu. Ubishi huo haujaisha hadi leo, tunauendeleza kanisani, kwenye foleni ya chai.

Ila chuo cha Monmouth wakija, hatubishani. Mji wao ni kama kilomita 25 tu kutoka hapa. Jirani yangu anafanya kazi Monmouth, analipwa Monmouth, na anazomea Monmouth kuliko mtu yeyote ukumbini. Msimamizi wake kazini alimaliza chuo hichohicho. Siku tukifungwa, Jumatatu yake ni ndefu.

Nikiwa na zamu ya usiku nafungua simu chini ya meza, nasikiliza wanafunzi wawili wakitangaza mechi. Mmoja hucheka kabla hajamaliza sentensi. Mwezi uliopita nilimtumia binamu ile linki, nikamwambia asinisumbue tena na Lakers. Mechi ilianza saa tisa alasiri kwetu, Dar ikiwa saa sita usiku. Hakujibu kitu. Nikadhani amelala.

Dakika tatu kabla ya mwisho, tukiwa nyuma kwa pointi nne, simu ikatetemeka: "Kaka, huyo namba kumi na mbili wenu mwambieni akae chini, hajui kukaba."