Aliponipokonya Kikombe

Mvua ya masika ya 2018 ilitukuta Nyalenda, Kisumu, mtaro wa maji machafu ukipita hatua sita kutoka mlangoni petu. Baraka alikuwa na miezi 11. Alianza kutapika Jumanne usiku, na kulipokucha akawa anahara maji matupu. Dani wa nyumba ya pili, bibi ninayemheshimu mpaka leo, akamfunua mdomo, akachungulia ufizi. "Mama Baraka, ni meno hayo. Mpunguzie ziwa." Kwenye kemisti nikauziwa dawa ya kukausha tumbo.

Siku nzima nikawa nahesabu nepi. Saba. Nane. Jioni nilipompa maji, Baraka alinipokonya kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka vijino vyake viwili vikagonga plastiki, na nilipokichukua akapiga kelele. Nikampigia baba yake aliyekuwa Ahero: "Ana nafuu, ana hamu ya kunywa." Kwamba alilia bila chozi hata moja, nililikumbuka kesho yake.

Asubuhi tukapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Sista hakuuliza ameharisha mara ngapi.

"Anakunywa?"

"Sana, sista. Hata kikombe ananipokonya."

Nilitarajia atabasamu. Akamtazama macho, yalikuwa yamedidimia. Akaniuliza kama kuna damu kwenye choo, haikuwepo. Kisha akamlaza, akabana ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, akaiachia. Mkunjo ukabaki umesimama kama donge la chapati lililofinywa, halafu ukalala polepole.

"Umeona? Ingetakiwa irudi papo hapo. Ingepita sekunde mbili, saa hii ningekuwa natafuta mshipa wa dripu. Na hiyo pupa, mama, ni kiu ya mwili uliopungukiwa maji. Mtoto akilegea akashindwa kunywa, hapo ni hatari kubwa."

"Lakini alipewa matone ya chanjo ya rota, wiki ya 6 na ya 10!"

"Vizuri. Ila vijidudu vya kuharisha ni vingi, rota ni kimoja tu."

Mizani ilisema kilo 8, kwa hiyo mililita 600 za ORS, maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ndani ya saa nne. Kijiko, kijiko, kijiko. Akitapika nisubiri dakika 10, nianze tena taratibu. Ziwa nisimnyime hata kidogo. Dawa ya kemisti aliitupa kwenye pipa bila maneno mengi, nami sikuitetea.

Mkono ulikufa ganzi. Saa ya tatu ilipokaribia kwisha, nikahisi joto mapajani: Baraka amekojoa, lesso yote imelowa. Nilimwita sista kwa sauti hadi akina mama kwenye benchi wakageuka. Akaja, akabana tumbo tena. Safari hii sikuuona mkunjo.

Tukarudi na vidonge vya zinki na pakiti za ORS. Dani alikuwa amekaa mlangoni pake akichambua mboga ya osuga.

"Jino limetoka?"

"Bado, dani."